Kukatika kwa Bolti si Mwisho wa Uhunzi

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hufundishwa tangu shule ya msingi, hutumiwa kufungia insha zisizo na idadi, na aghalabu huachwa papo hapo kwenye daftari. Ni wachache miongoni mwa wanaoitumia waliowahi kusimama mbele ya fuawe wakiwa na koleo lililovunjika mkononi. Kijana anayesimuliwa hapa, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo nchini, aliijua methali hiyo pamoja na maana na matumizi yake. Alikuja kuijua kwa mara ya pili asubuhi moja ya mwezi wa Machi, akiwa amepiga magoti mbele ya trekta la marehemu babake. Mkononi alikuwa na kichwa cha bolti. Bolti yenyewe ilikuwa imebaki ndani ya injini.

Nyumbani kwao ni Trans Nzoia, nchi ya mahindi. Huko mashamba hulimwa wakati wa kiangazi cha mwanzo wa mwaka ili mvua zinapoanza, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, mbegu ziwe tayari kuingia ardhini. Asiyekuwa amelima mvua inaponyesha huyachelewesha mahindi yake, na mahindi yaliyochelewa hayana msimu wa kuyangoja. Trekta lenyewe lilikuwa Massey Ferguson 135, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya miaka ya 1964 na 1975, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Baba mtu alilinunua likiwa kuukuu, akalitunza hadi alipoaga dunia. Tangu hapo mama alilikodisha kwa majirani wakati wa kulima, na kutokana na plau ile ya sahani tatu zilitoka karo, chumvi na sabuni. Mwaka huo majirani watano walikuwa wamekwisha kutoa amana. Amana hiyo nayo ilikuwa imekwisha kutumwa chuoni.

Kisha pampu ya maji ikaanza kuvuja. Injini isiyopata maji hupanda joto, na injini iliyopanda joto mno huharibika kwa gharama ambayo mjane wa shamba dogo hawezi kuimudu. Dereva aliyezoea kulitengeneza alikuwa amekwenda kwao kwa matanga. Kijana, kwa kuwa yuko likizoni na ana nguvu, akasema kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Pampu mpya ilikuwa imenunuliwa mjini Kitale. Kilichobaki, kwa mtazamo wake, kilikuwa kufungua bolti nne na kuzifunga tena.

Bolti mbili zilitoka bila ubishi. Ya tatu ikagoma. Spana aliyokuwa nayo ilikuwa ya milimita 15, ilhali kichwa cha bolti kilikuwa cha vipimo vya inchi, yaani 9/16, ambayo ni milimita 14.3 hivi. Tofauti hiyo ya sehemu ndogo ya milimita haionekani kwa jicho, lakini chuma huihisi. Spana ilipovutwa haikushika ubavu wa kichwa, ilishika ncha za pembe zake. Pembe sita zikaanza kulika, na baada ya dakika chache kichwa kilikuwa kimeviringika kama kokwa. Kijana hakukoma. Aliigongomea spana ya milimita 14 juu ya kichwa kile hadi ikang'ang'ania, kisha akalivika bomba la maji kwenye mpini wake ili apate wenzo mrefu. Mpini wa sentimita 20 ukawa mita 1, na nguvu za mkono wake zikazidishwa mara 5.

Bolti ikazunguka. Angalau ndivyo alivyodhani. Alihisi ulaini fulani usiotazamiwa, kana kwamba chuma kimekuwa nta, akafurahi. Ulaini ule ulikuwa wa chuma kinachosokoteka kabla ya kukatika. Ulisikika mlio mmoja mkavu, bomba likaruka, kijana akaanguka chali, na kichwa cha bolti kikabiringika hadi miguuni mwa mama yake aliyekuwa akija na kikombe cha chai.

Mama hakumkemea. Alikiokota kile kipande, akakitazama, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe. "Mwanangu," alisema, "mpigie mjomba wako simu." Halafu akatazama anga la upande wa Mlima Elgon, ambako mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya, akarudi jikoni.

Mjomba alifika alasiri, nyuma ya pikipiki, akiwa amebeba mfuko wa vyombo mapajani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya kiwanda cha sukari huko magharibi, mahali ambapo maji, mvuke na maji matamu ya miwa huila bolti usiku na mchana. Juu ya shavu lake la kushoto palikuwa na kovu, kumbukumbu ya spana iliyoteleza enzi za ujana wake. Kijana alimwamkia kwa heshima, akaanza kueleza jinsi bolti ilivyokuwa mbaya. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kabla ya kuivuta, uliiuliza imeshikwa na nini?"

Kijana akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Katika karakana alikolelewa mjomba, bolti haiitwi "mbovu" wala "iliyoharibika". Neno hilo moja, alisema, ni la mtu anayetaka kununua nyingine. Fundi husema bolti *imeshika*, maana yake kutu imejaza nafasi iliyo kati yake na tundu. Au husema *imeisha kichwa*, maana yake pembe zimelika na spana haina pa kukamata. Au husema *imekula meno*, maana yake ile mistari inayojiviringa imekwaruzika, na bolti huzunguka mahali pamoja bila kutoka wala kuingia. Au husema *imekatika*. Ni maradhi manne yenye dawa nne, na dawa ya ugonjwa mmoja huua mgonjwa wa mwingine. Iliyoshika hutaka mafuta, mtikiso na joto. Iliyoisha kichwa hutaka kichwa kingine. Iliyokula meno ukiizungusha zaidi huzidi kuharibu tundu, hivyo hutaka kuinuliwa kwa tindo huku ikizungushwa. "Yako," mjomba akasema, "ilianza ikiwa na ugonjwa mmoja. Wewe ukaiongezea miwili."

Kisha akaeleza kutu ni kitu gani. Watu huona kutu kama uchafu ulioganda juu ya chuma, ambao nguvu ikizidi utabanduka. Kumbe kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na hewa na maji, na kikiisha kuungana hivyo hujaza nafasi zaidi ya maradufu ya ile kilichokuwa nayo awali. Katika mwanya mwembamba wa bolti, kutu haina pa kufurika. Hujisukuma pande zote na kukaza kama kabari ndani ya gogo. Kuivuta bolti ya namna hiyo kwa bomba la mita 1 ni kushindana na kabari ambazo hazionekani, na chuma kinachoshindwa kwanza ni kile chembamba. Ndiyo sababu bolti hukatika shingoni huku kutu ikisalia salama salimini.

Bolti ya nne ilikuwa bado nzima, na juu ya hiyo kijana akafundishwa upya. Mjomba aliisugua kwanza kwa brashi ya waya hadi mng'aro ukaonekana. Akaidondoshea mafuta mepesi ya kupenya, tone baada ya tone, akaketi juu ya ndoo na kuomba ile chai. Baada ya kuinywa alichukua nyundo ndogo, akagonga kichwa cha bolti moja kwa moja, si kwa nguvu, mapigo yanayolingana kama ya mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. Kila pigo, alisema, hupasua kutu nyufa ndogo ndogo, na kila ufa ni mlango wa mafuta. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Alipochukua spana, ilikuwa ya 9/16, yenye tundu la pembe sita linalokumbatia ubavu mzima wa kichwa. Kijana alistaajabu kuona mkono wa mjomba ukielekea upande wa kukaza.

"Mjomba, hiyo si inakaza?"

"Naam. Kilichoshika hakijali unakipeleka wapi. Kikishasogea hata unywele, kutu imevunjika."

Bolti ikasogea unywele ule. Kisha mjomba akairudisha, akaipeleka, akaongeza mafuta, akairudisha tena robo ya mzunguko. Ilipolia kwa sauti nyembamba alikoma na kungoja. Hakulivika spana bomba lolote. Alivuta akiielekeza spana kwake, kiganja kikiwa kimefunguka kiasi, ili ikiteleza vidole visikutane na injini. Baada ya nusu saa bolti ya nne ilikuwa juu ya gunia, nzima, meno yake yakiwa mekundu kwa kutu. Pampu kuukuu ikatoka, na nyuma yake kikaonekana kisiki cha bolti iliyokatika, kimechomoza juu ya uso wa injini kwa kimo cha punje ya hindi.

Kijana alikuwa amenunua mjini chombo cha kutolea visiki, kipande kigumu chenye mistari inayojiviringa kwa mkono wa kushoto. Kisiki hutobolewa katikati, chombo hugongomewa humo, na kadiri kinavyozungushwa kushoto ndivyo kinavyouma. Mjomba alikipokea, akakipima kwa kidole, akakirudisha mfukoni mwa mpwawe. Chombo hicho ni kizuri kwa bolti iliyokatika ikiwa haijashika. Ikiwa imeshika, chenyewe ni chembamba kuliko bolti iliyokwisha kukatika, na kimefanywa kigumu kuliko drili za kawaida. Kikikatikia humo ndani, hakuna drili ya pale nyumbani itakayokitoboa. "Hapo," alisema, "ndipo watu huuza trekta."

Kisiki kikalowekwa mafuta na kuachwa hadi kesho. Kijana alitaka wamalize usiku ule kwa taa. Mjomba alikataa, akasema usiku nao ni chombo cha kazi.

Baada ya chakula, kwa kuwa usingizi haukuja, walizungumza. Kijana aliichukua kamusi yake na kumsomea mjomba majina: parafujo, tindo, keekee, jiriwa, hesi. Mjomba alicheka hadi machozi. Tindo alilijua. Keekee yeye aliiita drili, jiriwa aliiita vaisi, na hesi kwake zilikuwa meno. "Hesi ni jina zuri," alikiri. "Na hesi zikiisha, kamusi yako husemaje?" Kijana akatafuta, asipate. Kamusi ilikuwa na jina la kitu, lakini haikuwa na jina la taabu yake. Na katika kazi ile, jina la taabu ndilo linaloanza kuiponya.

Kijana naye alikuwa na la kumpa mjomba. Alimweleza kuwa zamani kila karakana ya Uingereza ilijichongea hesi zake yenyewe, hata bolti ya karakana moja isiingie nati ya nyingine, mpaka Joseph Whitworth alipopendekeza kipimo kimoja mwaka wa 1841, chenye pembe ya nyuzi 55. Wamarekani wakachukua njia yao ya nyuzi 60. Tofauti hiyo ikawatesa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vipuri vya washirika wawili vilipokataa kuingiliana, hata Uingereza, Marekani na Kanada zikatia sahihi mapatano ya kipimo kimoja mwezi wa Novemba 1948. Wanafunzi wa isimu husoma habari inayokaribiana na hiyo wanaposoma kamati iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha Kiswahili. Mjomba aliwaza kidogo. Alisema usanifu ni jambo jema, kwani bila huo angebeba magunia ya spana. Lakini trekta lililo uani halikusoma mapatano ya mtu. Lazima ulipime lenyewe, ujue lilizaliwa na inchi au na milimita, kisha uchague spana. Kijana hakuwa na jibu, akakumbuka ile milimita 15.

Asubuhi walitoa nyaya za betri, wakaondoa kila kitambaa chenye mafuta, wakaweka ndoo ya mchanga karibu. Mjomba alivuta waya mrefu kutoka nyumbani hadi kwenye mashine ya kuchomelea. Akachukua nati, akaivika juu ya kisiki, akajaza tundu lake kwa chuma kilichoyeyuka ili nati na kisiki viwe kitu kimoja. Kwa njia hiyo iliyoisha kichwa ilipewa kichwa kipya, na joto la kuchomelea likawa dawa ya pili. Fimbo ya chuma ya urefu wa mita 1 ikiongezwa joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 1.2. Kisiki kinapopata moto hutanuka na kujibana dhidi ya tundu lililo baridi, kinapopoa hunywea, na katika kutanuka na kunywea huko kutu husagika.

Wekundu ulipotoweka, mjomba aliweka spana. Nati ikabanduka na kuacha kisiki palepale.

Kijana alifumba macho. Alikuwa akiwaona wale majirani watano wakija kudai amana zao. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika kidevu. Mjomba aliiokota nati ile, akaichungulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chuma hakikushika vizuri upande mmoja kwa sababu mafuta ya jana hayakufutwa yote. Akafuta. Akachukua nati nyingine. Safari hii alichomelea taratibu zaidi, akangoja, kisha akagusisha ncha ya mshumaa kwenye shina la kisiki kilichokuwa bado na joto. Nta ikayeyuka, ikanyonywa ndani ya hesi na kutoweka.

"Njoo," akasema, na kumpa mpwawe spana.

Kijana alisita. Mkono wake ulikumbuka ule ulaini wa jana. Alivuta kidogo upande wa kukaza, kama alivyofundishwa, akahisi ugumu. Akarudisha. Ugumu. Akakaza tena, na ndani ya chuma kikasikika kitu kama kutafuna mchanga. Safari hii hakufurahi mapema. Alirudisha, akahisi kisiki kikimfuata, si kwa ulaini wa kusokoteka bali kwa uzito wa kitu kinachotembea. Robo ya mzunguko. Akatia mafuta, akakirudisha ndani, akakitoa tena. Ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe. Kisiki kilipotoka, kilitoka na nati yake juu, cheusi, chenye moto, na tundu nyuma yake lilikuwa na meno yote.

Mjomba alisafisha tundu, akaleta bolti mpya, akazipaka hesi zake grisi. Alipokuwa akifunga alitoa nasaha chache ambazo kijana aliziandika baadaye pembeni mwa daftari la fonolojia. Usichome moto nati za gurudumu lenye upepo, kwani joto huweza kulipasua tairi kama bomu. Usivute moshi wa bolti iliyopakwa zinki, ni sumu. Usiombe bomba kabla ya kuomba mafuta. Na ukihisi ulaini wakati unapotazamia ugumu, acha, kwa maana hapo bolti inakuaga.

Trekta liliingia shambani siku ya tatu. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuchukua trekta la mtu mwingine, na mama akawarudishia amana zao kwa kuuza mbuzi. Mashamba matatu yalilimwa, la mwisho chini ya manyunyu ya kwanza. Karo ya muhula uliofuata ilipungua, nayo ikalipwa kwa mafungu. Hasara ile yote ilitokana na tofauti ya milimita 0.7 na haraka ya robo saa.

Kabla ya kurudi chuoni, kijana alibaki na siku nne za likizo. Hakuzitumia kulala. Kila asubuhi alitoka na kopo la grisi, brashi ya waya na spana za inchi alizoachiwa na mjomba, akalizunguka trekta na plau yake bolti baada ya bolti. Aliilegeza kila iliyokubali, akaisugua, akaipaka grisi, akaikaza tena. Zilizokataa hakuzilazimisha. Alizitia mafuta, akaziwekea alama ya chokaa, akamwonyesha mama yake ili dereva akirudi azijue. Zilikuwa kumi na moja.